Nyumba Iliyopona

Wakaguzi wa jiji walikuja watatu, saa nne asubuhi, na kopo moja la rangi nyekundu. Walichora msalaba mkubwa kwenye ukuta wa mbele, na kwa kuwa mwenye brashi hakuona haja ya kupima, mkono mmoja wa msalaba ulivuka ukuta ukaishia kwenye mlango wa chumba cha fundi mwashi, rangi ikachuruzika hadi kwenye kitasa. Mke wa fundi alikuwa hapo hapo mlangoni, alikoweka cherehani yake ili apate mwanga. Alisimama na mkono wa gauni la mtu ungali umening'inia kwenye sindano.

"Jamani, huu mlango una watu ndani."

"Ndiyo sababu tunachora, mama," mmoja wao alisema, akifuta vidole kwa gazeti. "Muhame. Siku thelathini, nyumba inabomolewa. Huo ufa hamuuoni?"

Ufa walikuwa wanauona. Ulianzia chini ya dirisha la ghorofa ya tatu, ukashuka kwa mapindo mapindo kama ngazi, ukapita ghorofa ya pili, na chini ukaingia kwenye chumba cha ndani cha familia hiyo, juu kidogo ya kitanda cha mama yake fundi. Bibi huyo alikuwa amepooza miguu mwaka wa sita sasa. Alikuwa akiutazama ufa huo kila alipoamka, na alidai anaujua kuliko anavyowajua wajukuu wa jirani.

"Wamesemaje?" aliuliza kutoka ndani.

"Wamesema tuhame, mama."

"Waambie wao ndio wahame. Mimi sina miguu."

Fundi alirudi mchana. Mtaani walimwita Chokaa, kwa sababu katika umri wa miaka hamsini na minane alikuwa bado anaamini kwamba saruji ni ya watu wenye haraka. Aligusa rangi kwa kidole, akaona imekauka, akaingia ndani, akapanda juu ya kiti kando ya kitanda cha mama yake. Akabandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa, ncha mbili kwa plasta, akaandika tarehe kwa penseli. Ukuta ukisogea hata kwa unene wa kucha, kioo kitavunjika.

"Kwa hiyo?" mkewe aliuliza.

"Kwa hiyo tusubiri."

Baada ya siku tisa kioo kilikuwa kizima. Fundi alivaa shati lake la kwendea misibani, akaenda kumwona mwenye nyumba.

Wapangaji walimwita mwenye nyumba Mrithi, kwa maana hakuwa na kazi nyingine iliyojulikana ila kurithi. Ofisi yake ilikuwa na zulia, na nje ya mlango wake aliketi karani, msichana wa miaka ishirini na mitatu mwenye vidole vyepesi vya kuchapa. Ndiye binti pekee wa fundi. Kazi hiyo aliipata mwaka mmoja kabla, na mama yake alikuwa bado hajamaliza kuwasimulia wateja wake.

"Baba, usikae hapo kwanza," alisema kwa sauti ya chini. Akakunjua gazeti, akalitandika kwenye kiti cha kitambaa cheupe, kisha akatazama pembeni. Fundi alikuwa ameoga. Aliketi juu ya gazeti.

Walipomwita, alimkuta Mrithi pamoja na injinia wake, kijana aliyevaa saa kubwa.

"Mzee, nyumba imekufa," injinia alisema kabla ya salamu kuisha. "Mawe na chokaa, haina hata nondo moja. Tutaiangusha."

"Mwanangu, nyumba hiyo ina miaka zaidi ya mia na haikuwahi kuomba nondo," fundi alijibu. "Haijafa. Imeumizwa. Mwenye nyumba mmoja alikata ukuta wa chini apate gereji, akaacha tao bila mguu. Mwingine akapandisha tangi la zege juu ya paa, likae pale pale juu ya tao lililokatwa. Halafu akaja wa tatu, akaipaka saruji nje yote ili ing'ae. Chokaa inapumua. Ukiifunika kwa saruji, maji ya mvua yanaingia kwa juu na hayana pa kutokea. Ukuta unaoza kwa ndani kama jino."

Mrithi aliacha kuchezea kalamu. "Wa tatu alikuwa baba yangu."

"Naomba radhi, bosi. Alidanganywa na mafundi."

"Inaponyeka?"

Fundi aliwaeleza. Tangi lishushwe. Saruji ibanduliwe yote, kwa tindo, si kwa mashine. Mguu wa tao ujengwe upya kwa mawe. Ufa ushonwe: katika kila hatua moja litolewe jiwe bovu, liingizwe jiwe refu linaloshika pande zote mbili. Injinia alianza kwa kutabasamu. Kufikia jiwe refu, alikuwa ameshatoa daftari anaandika.

"Miezi mingapi?" Mrithi aliuliza.

"Saba. Nikipata vibarua wanne."

"Sikiliza, mzee wangu. Jiji nitawaomba waongeze muda, wewe nipe nyumba iliyopita ukaguzi. Nitakulipa posho ya kila siku kama kibarua, maana hela zote zitakwenda kwenye mawe. Lakini vyumba vyako viwili, wewe na mkeo na mama yako, ni vyenu bila kodi mpaka Mungu awachukue. Unasemaje?"

Fundi alikuwa amefundishwa na mkewe la kusema, na njia nzima alikuwa amelirudia.

"Bosi, tungeandikiana. Hata mistari miwili."

Mrithi alicheka, cheko la mtu asiye na ubaya, akaelekeza kidevu mlangoni, ambako karani alikuwa amesimama na sinia la chai. "Tuandikiane nini na damu yako imo humu ndani? Binti, umesikia?"

"Nimesikia, bosi."

"Shahidi huyo hapo."

Fundi aliona aibu kwamba aliuliza. Mikono yote miwili alimpa Mrithi, na aliposimama gazeti lilimfuata, limenata nyuma ya suruali. Injinia ndiye aliyelibandua.

Kazi iliwala. Kubandua saruji peke yake kulichukua wiki kumi na moja, na ilipodondoka, nyumba ilionyesha mambo yake yote: dirisha lililozibwa kwa matofali, mlango uliogeuzwa kabati, boriti iliyokatwa katikati ili bomba lipite, na kila kidonda kimefunikwa rangi. Fundi alikuwa akiguna tu. Waliojenga mwanzo aliwaheshimu kama watu anaowafahamu. Mara kwa mara alitia mkono kwenye tundu, akatoa kipande cha chokaa ya zamani, akamletea mkewe kwenye cherehani.

"Gonga."

"Nimechoka na mawe yako."

"Gonga uone. Inalia kama kikombe. Mtu aliyeichanganya hii hakuwa na usingizi."

"Wewe pia huna usingizi, na posho yako haitoshi sabuni ya kufulia hizo nguo," mkewe alijibu, lakini aligonga. Kisha akauliza huo ufa anaushonaje, na alipoelezwa alitikisa kichwa. "Hiyo ni mishono ya pindo. Hata mimi ningeushona."

Sehemu iliyo juu ya kitanda fundi aliishona mwenyewe, hakumpa kibarua. Mama yake alikataa kuhamishwa. Walimfunika shuka usoni, naye akawa anasema humo ndani ya shuka, "Hilo jiwe umelipindisha," na fundi akashika timazi, akapima, akakuta kweli limepinda.

Mwezi wa tano wa kazi chokaa ilimwagiwa maji haraka kuliko alivyoagiza. Pipa likachemka, likarusha. Tone moja liliingia katika jicho lake la kulia. Vibarua walimshika, wakamwagia maji, wakapiga kelele gari lije. Gari la ofisi lilikuwepo, jipya, na dereva wake alitazama zile nguo zilizolowa chokaa tangu begani hadi magotini.

"Viti hivi, ndugu zangu, nitamwambia nini bosi?"

Walimpakia nyuma ya mkokoteni wa mawe. Hospitali walimsafisha, wakamfunga, wakamwambia angewahi kwa nusu saa lingepona. Jicho likabaki na ukungu mweupe, kama kioo cha bafuni. Siku ya nne alirudi kwenye jukwaa la ujenzi. Binti yake alipomwona alilia, akampa miwani ya jua, na akamwambia kwamba bosi amesikitika sana.

Ukaguzi wa pili ulikuja mwezi wa nane. Wakaguzi walikuwa wale wale. Waligonga, wakapima, wakapanda juu wakashuka, na aliyewahi kuchora msalaba akasema hajawahi kuona kazi kama hii. Injinia alimshukuru.

Siku ya kufungua rasmi waliweka viti barabarani na kipaza sauti. Kibao cha shaba kilichopigiliwa mlangoni kilikuwa na jina la Mrithi na jina la injinia. Mpiga picha aliomba watu wasogee, na mtu mmoja akamshika fundi kiwiko kwa adabu.

"Mzee, pita huku kidogo. Hiyo miwani inarudisha mwanga."

Alipita huku. Mkewe alikuwa amejishonea gauni kwa ajili ya siku hiyo. Alisimama karibu na cherehani yake na hakupiga makofi.

Wiki iliyofuata barua zilisukumwa chini ya milango. Fundi hakuweza kusoma herufi ndogo kwa jicho moja, kwa hiyo mkewe alimsomea. Ilisema kwamba kutokana na ukarabati uliokamilika, jengo sasa ni imara na lina hadhi ya kibiashara, kwamba vyumba vyote vya chini vitaunganishwa kuwa duka, na wapangaji wote wanapewa siku thelathini kuondoka.

"Hii wametukosea," fundi alisema. "Wameingiza kila mlango bila kuangalia."

Mkewe alikuwa ameigeuza barua, akairudisha tena, akaitazama pale chini kabisa, kushoto, ambapo makarani huweka herufi mbili za kwanza za jina la aliyeichapa. Herufi hizo alizichagua yeye, miaka ishirini na mitatu iliyopita, hospitalini. Juu yazo kulikuwa na tarehe. Barua ilichapwa wiki tatu kabla ya sherehe.

Binti alirudi kutoka kazini saa kumi na moja na mkate mkononi. Mama yake aliiweka barua mezani.

"Hii umeichapa wewe?"

Msichana alitua mkate. "Mama, mimi nachapa kila ninachopewa."

"Wiki tatu. Ulikuwa unakula hapa. Unampaka baba yako dawa ya jicho. Na ulikuwa unajua."

"Ningewaambia halafu? Baba angekwenda ofisini kupiga kelele, ningefukuzwa siku hiyo hiyo. Tungekuwa hatuna nyumba na hatuna mshahara. Sasa angalau kuna mshahara. Nilipiga hesabu, mama."

"Ulipiga hesabu."

"Mwache mtoto," fundi alisema. "Kesho nitakwenda kuongea na bosi. Mwanetu mwenyewe ni shahidi, si alisikia? Mambo yatakwisha."

Binti aliinama kufungua mkate.

Safari hii hakuna aliyetandika gazeti, kwa sababu hawakumwambia akae. Mrithi aliongea akiwa amesimama, funguo za gari mkononi.

"Mzee wangu, wewe fundi mzuri, mimi hilo nalisema popote. Lakini vyumba bila kodi mpaka kifo? Mtu wa biashara aseme hivyo?"

"Ulisema, bosi. Hapa hapa. Ulisema mpaka Mungu atuchukue."

"Nilisema tutaangalia. Labda ulisikia unachotaka, si jambo geni." Akageuka mlangoni. "Binti, wewe ulikuwepo na chai. Niliahidi hivyo?"

Karani alikuwa na kalamu mkononi. Alimtazama bosi, halafu akatazama miwani ya baba yake, ile aliyomnunulia yeye. Simu ya mezani ililia, akaiacha ilie mpaka ikanyamaza.

"Sikumbuki vizuri, bosi."

"Unaona," Mrithi alisema, kwa upole kabisa.

Watu waliokuwa wakisubiri kwenye viti vyeupe walikuwa wanamtazama fundi, na jambo lililomjia kichwani ni kwamba watafikiri binti yake ni mwongo. Akavua kofia.

"Pengine nilisikia vibaya," alisema. "Masikio nayo yamechoka. Samahani, bosi. Samahani, mwanangu."

Akatoka. Nyuma yake alisikia simu ikilia tena, na sauti ya binti yake, safi, ikitaja jina la kampuni.

Walihama siku ya ishirini na nane, kwa mkokoteni. Tatizo lilikuwa bibi. Mlango wa chumba chake ulikuwa umepunguzwa kwa mawe mapya, mguu wa tao uliojengwa na mwanawe, na kitanda hakikupita. Walimtoa akiwa ameketi kwenye kiti, wanaume wawili mbele na fundi nyuma. Alipofika barabarani aliinua mkono, akagusa ukuta.

"Umeujenga vizuri," alimwambia mwanawe. "Ungeujenga vibaya kidogo tu, mjinga wewe, tungekuwa bado ndani."

Jirani mmoja alicheka. Bibi hakuwa anatania.

Chumba walichopata kilikuwa pembezoni mwa mji, cha matofali ya saruji yaliyosimamishwa kwa upana mmoja, bati juu. Ukigonga ukuta, jirani anaitika karibu. Mchana kulikuwa na joto kama jikoni, na mvua ilipokuja maji yalipenya kwenye viungo na kumlowesha bibi upande wa kushoto. Fundi alipaka, akaziba, akapaka tena. Kikohozi cha bibi kilianza wiki ya pili. Hakumaliza mvua za kwanza.

Binti alikuja mazishini na gari la ofisi, lililokuwa limesafishwa. Alileta bahasha kutoka kwa bosi na salamu za injinia. Mama yake aliipokea bahasha, akampa mchimba kaburi bila kuifungua, kisha akasogea akasimama upande wa pili wa wanawake. Toka siku hiyo mama na binti walizungumza kupitia fundi. "Mwambie mwanao." "Mwambie mama." Mshahara wa binti uliendelea kuja kila mwisho wa mwezi, na waliula, kwa kuwa fundi hakuwa akipata kazi. Kwenye maeneo ya ujenzi walimtazama jicho, wakamwambia aache namba ya simu.

Halafu, mwaka haujaisha, injinia alikuja mwenyewe. Alivuka matope kwa kuruka ruka, saa yake iking'aa, akainama kuingia.

"Mzee, shikamoo. Kuna jengo lingine. Tajiri mwingine, ghorofa nne, limepigwa alama libomolewe. Niliwaambia hapa mjini ni mtu mmoja tu. Kwa jicho moja anaona kuliko mashine zangu."

"Marahaba," fundi alisema. "Lina watu?"

"Wapangaji, ndiyo. Kila chumba." Injinia alikohoa. "Safari hii utalipwa kama fundi. Nimepigania hilo."

Alipoondoka, mke wa fundi alisimamisha cherehani. Alikuwa akishona pazia la mtu.

"Utakwenda?"

"Nisipokwenda litabomolewa, na watatoka."

"Ukienda litapona, na watatoka."

"Ndiyo."

"Basi wapangaji watakuuliza kama litapona. Walivyokuwa wanakuuliza kule kwetu, kila asubuhi, ngazini. Utawajibu nini?"

Fundi alikuwa akitafuta tindo chini ya kitanda, akipapasa upande asiouona. Aliipata, akaijaribu kwa kidole, akaifunga kwenye kitambaa. Mkewe akarudisha mguu kwenye cherehani.

Jengo lilikuwa la watu waliojua kazi. Alilitambua tangu kona ya barabara, kwa namna kuta zilivyopungua unene kila zilipopanda ghorofa, ili zisijilemee. Ufa wake ulikuwa mbaya kwa kuutazama, lakini si wa kuua. Wapangaji walikuwa wamejipanga koridoni kama watu wanaomngoja daktari. Ufa uliingia kwenye chumba cha mama mmoja mwenye watoto watatu, muuza mitumba, ambaye mali yake yote ilikuwa imefungwa mafurushi mafurushi dirishani. Alimletea fundi kiti. Alikipangusa kwanza kwa upande wa kanga yake, ingawa kilikuwa safi.

"Karibu, baba. Wenzangu wanasema wewe ndiye uliyeiponya ile nyumba yenye duka kubwa."

"Ndiyo mimi."

"Sisi hapa tuna miaka kumi na miwili. Sina pa kwenda, sikufichi, mume wangu alishafariki." Alijifuta uso. "Tuambie ukweli tu. Itapona?"

Koridoni watu walisogea mlangoni. Injinia alikuwa ngazini, anaongea na simu. Fundi aliweka kiganja ukutani, akagonga kwa fundo la kidole, mara moja juu, mara moja chini. Ndani, nyuma ya saruji, chokaa ya zamani ililia sawasawa.

"Itapona," alisema.

Mama yule alishika kichwa kwa mikono miwili. Huko nje mtu alipiga kigelegele, na wengine wakadakia. Aliwaita watoto wake, akawasukuma mbele mmoja mmoja, kwa kimo chao.

"Msalimieni babu. Huyu ndiye anayetuokolea nyumba."

"Shikamoo, babu."

"Marahaba," fundi alisema, mara tatu, kwa kila mmoja yake. Kisha akafungua kile kitambaa, akatoa tindo na nyundo.

"Sogezeni kitanda," alisema. "Nataka kuuona ukuta."

Wakakisogeza wenyewe, wote, hata yule mdogo, wakicheka.